Mwanafunzi wa Firmin

Kwa miezi mitatu Emérite aliamini kwamba mwanafunzi wa Firmin alikuwa mzee mwenye ndevu.

Hakuna aliyemwambia hivyo. Firmin alisema tu, jioni moja ya mwezi wa saba mwaka 2017, walipokuwa wakiteremka kwa miguu kutoka kazini Kensington kwenda nyumbani Jeppestown, kwamba amepata mwanafunzi. Ni Mrusi, alisema, au tuseme mtu wa nchi za huko wanakoongea Kirusi, na anataka kufundishwa misemo ya Kiingereza, yale maneno ambayo ukiyatafuta moja moja kwenye kamusi yanakupoteza. Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, Firmin akitoka zamu. Emérite alifurahi. Firmin alikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la samani, kazi ya kusimama na kuandika namba za magari, na ilimuuma kuona mtu aliyesomea uinjinia Urusi akifungua na kufunga geti. Kufundisha kulimfaa. Kila wiki alimuuliza mwanafunzi anaendeleaje, na Firmin akajibu kwamba ana bidii, ila anapenda ubishi. Basi Emérite, kichwani mwake, akamvisha huyo mwanafunzi koti zito, akamwekea ndevu na miwani. Kiswahili kinamruhusu mtu kufanya hivyo. Mwanamume ni yeye, mwanamke ni yeye.

Alimwona mwanafunzi mwenyewe Alhamisi ya kwanza ya Oktoba.

Siku hiyo alikuwa akimsuka mteja karibu na dirisha la saluni ya Mama Clémentine, mama wa Lubumbashi aliyempa kazi tangu alipofika mjini. Ng'ambo ya barabara kuna duka la mikate lenye meza nje. Kwenye moja ya meza hizo alikaa Firmin, bado amevaa suruali yake ya ulinzi, na mbele yake mwanamke wa Kizungu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, nywele zake za rangi ya shaba zimekatwa usawa wa shingo. Firmin alikuwa anaongea. Kisha yule mwanamke akasema neno moja, na Firmin akacheka.

Emérite alikuwa na Firmin mwaka wa pili sasa, na alidhani anakijua kicheko chake. Firmin wake hucheka kwa pua, kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Huyu wa ng'ambo alirusha kichwa nyuma, akapiga meza kwa kiganja, meno yote nje. Alionekana mdogo kwa miaka kumi.

Mteja akashika kichwa na kusema eish, dada, taratibu. Emérite akaomba msamaha na kulegeza msuko.

"Yule si Firmin wako?" Mama Clémentine aliuliza.

"Ni yeye, mama."

"Na yule mwingine?"

"Mwanafunzi wake."

Mama Clémentine alikwenda kupunguza sauti ya redio, kama watu wanavyofanya nyumba yenye msiba, na kitendo hicho kilimchoma Emérite kuliko ambavyo maswali yangemchoma.

Jioni Firmin alikuja kumchukua kama kawaida. Walivuka barabara mbili. Firmin alimweleza habari za kazini, dereva mmoja aliyeangusha kabati, na aligundua baadaye kabisa kwamba anaongea peke yake.

"Mwanafunzi wako anaitwa nani?" Emérite aliuliza.

"Larisa."

"Ni mwanamke."

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, Emé. Nilifikiri unajua."

Akamweleza, na alieleza kwa utulivu wa mtu asiyejua kwamba anahukumiwa. Larisa alitoka Bishkek, alikuwa muuguzi kwao, alikuja na mume na mume akaenda zake. Walikutana kwenye foleni ya dukani. Mfuko wake ulipasuka, viazi vikatawanyika, akatukana kwa Kirusi kwa sauti ya chini, na Firmin aliyekuwa nyuma yake akamjibu kwa Kirusi kwamba viazi havina kosa. Mwanamke yule karibu alie. Sasa alikuwa anajiandaa kwa mtihani ili aruhusiwe kufanya kazi ya uuguzi hapa. Vitabu alivijua, dawa alizijua, kilichomshinda ni wagonjwa. Mgonjwa anasema yuko chini ya hali ya hewa, kumbe anaumwa kidogo. Na huko nyumba ya wazee alikokuwa anajitolea, binti mmoja alikuja akilia, akamwambia kwamba baba yake amepiga teke ndoo.

"Larisa akaenda kuleta kitambaa cha kupigia deki," Firmin alisema. "Akamuuliza ndoo iko wapi."

"Na ilikuwa wapi?"

"Hakuna ndoo. Kwa Kiingereza ukipiga teke ndoo umekufa."

Emérite alitaka kucheka. Kicheko kilifika hadi kooni, akakirudisha, kwa sababu alielewa kwamba hiki ndicho walichokuwa wakikicheka pale mezani. Yeye alikuwa analetewa kicheko kilichokwisha kutumika.

Akamuuliza kama huwa wanaongea Kirusi muda wote. Firmin alisema ni lazima, vinginevyo atamwelezaje maana. Emérite akasimama.

"Sema kitu kwa Kirusi."

"Kitu gani?"

"Chochote."

Firmin akasema sentensi fupi. Sauti yake ilishuka na kutulia mahali ambapo Emérite hakuwahi kuisikia. Hata mabega yalikaa vingine. Alimjua Firmin wa Kiswahili, na Firmin wa Kifaransa anayeomba kanisani kwa maneno ya adabu, na Firmin wa Kiingereza anayesema yes boss getini. Huyu wa nne hakumjua.

"Umesema nini?"

"Kwamba umechoka, twende nyumbani."

Hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Hilo ndilo alilolala nalo.

Mambo yangeweza kuishia hapo kama isingekuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja. Baada ya siku tisa Firmin alitakiwa kwenda Turffontein kujitambulisha rasmi kwa Léonce, kaka yake Emérite, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki Bujumbura. Kwa mwaka mzima Léonce alikuwa amekataa hata kulisikia jina la Firmin. Alisema hakumvusha dada yake nchi tano ili akaolewe na mlinzi. Kilichomlainisha ni uinjinia. Alipoambiwa kwamba Firmin amehitimu Urusi, na kwamba vyeti vyake vimepelekwa ili vitambuliwe hapa, uso wake ulifunguka. Tangu siku hiyo hakumwita Firmin kwa jina. Alimwita Injinia, hata kwenye simu.

Jumatatu Firmin alipita saluni, akaacha begi lake nyuma ya kiti cha Emérite, akaenda kwa fundi kupima suti ya Jumamosi. Emérite alilitazama lile begi kwa muda wa kusuka mistari minne. Kisha akaosha mikono, akalifungua.

Daftari lilikuwa juu. Kila ukurasa ulipigwa mstari katikati, kushoto Kiingereza, kulia Kirusi, kwa mwandiko wa Firmin ulionyooka kama wa mwalimu. Kirusi kwake kilikuwa uzio tu, vijiti na vifundo. Kiingereza chake nacho kilikuwa cha saluni, lakini alitambua neno hapa na pale. Moyo. Kipepeo. Jicho. Kulikuwa na msemo mmoja uliopigiwa mstari mara mbili, "head over heels", na yeye akausoma kama ulivyo, kichwa juu ya visigino, akashangaa nani amelala vipi. Akamuuliza mteja wake, dada wa Kizulu mwenye duka la simu. Yule dada akacheka, akasema ni mtu akipenda hadi hajielewi.

Akafunua mbele. Misemo mingine yote ilikuwa na maelezo ya mstari mmoja au miwili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na msemo mmoja peke yake, "to get something off your chest", na upande wa kulia Kirusi kilijaa kutoka juu hadi chini, mistari ishirini na zaidi, mwandiko umelala, mahali pengine umekatwa na kuanza tena. Neno la mwisho la ule msemo Emérite alilijua. Ni kifua. Mwanamume wake alikuwa amemwandikia mwanamke mwingine ukurasa mzima kuhusu kifua.

Alipiga picha kwa simu, akarudisha daftari, akatoka nje kwenye ngazi za nyuma na kumpigia kaka yake.

Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama alinuia kusema kiasi kile. Alichosema ni maneno matatu.

"Firmin ana mzungu."

Léonce hakupaza sauti. Alisema Jumamosi ibaki kama ilivyo. Injinia aje, na suti yake, na atajibu mbele ya wazee wa kanisa. Emérite alipokata simu na kurudi ndani, Firmin alikuwa anaingia mlango wa mbele akitabasamu, akimweleza kwamba fundi amemsifia mabega.

Jumanne Larisa hakuja, alikuwa zamu kule nyumba ya wazee. Alhamisi alikuja mapema, nusu saa kabla ya saa yake, akakaa peke yake na kitabu. Emérite alimwona kwa dirisha. Alimwomba Mama Clémentine ammalizie mteja, akavuka barabara na aproni yake.

Alikuwa amejiandalia maneno ya Kiingereza, makali, kayarudia tangu asubuhi. Hakuyatumia. Larisa aliinua macho, akamtazama, akasimama.

"Emérite," alisema, na jina alilitamka vizuri, bila kulivunja. "Wewe ni Emérite wa Firmin."

Waliongea Kiingereza kibovu wote wawili, kila mmoja akimsubiri mwenzake atafute neno. Larisa alimvutia kiti. Alijua kwamba Emérite anatoka Bujumbura. Alijua kwamba hanywi chai isiyo na tangawizi, na kwamba ana kaka mkali. Alikuwa mzuri kwa karibu kuliko kwa mbali, na mpole, na kila alichokijua kilimwingia Emérite kama sindano. Yeye kwa miezi mitatu hakujua hata kwamba huyu ni mwanamke.

Akatoa simu, akaweka ile picha mbele yake.

Larisa alisoma mstari wa kwanza tu, akaigeuza simu chini.

"Firmin anajua kwamba una hii?"

"Nisomee."

"Hapana."

"Ni barua ya mapenzi."

Larisa akatikisa kichwa polepole. Alisema lilikuwa zoezi. Siku hiyo yeye ndiye alimpa mwalimu zoezi, kwa utani, amtungie mfano wa kweli wa ule msemo, wa maisha yake, siyo wa kitabuni. Firmin aliandika muda mrefu. Alipomaliza alilia, hapa, kwenye kiti hicho alichokalia Emérite.

"Alilia mbele yako," Emérite alisema.

"Ndiyo."

"Mbele yangu hajawahi."

"Basi muulize yeye. Mimi sisomi. Si yangu." Larisa alikusanya vitabu vyake. Alikuwa amemwona Firmin akija kwenye njia ya miguu, naye Firmin alikuwa amewaona, akapunguza mwendo. "Na mume wako simtaki," aliongeza. "Nilikuwa na wangu. Nimepumzika."

Alimpita Firmin, akamwambia neno moja la Kirusi, akaondoka. Firmin akafika mezani.

Emérite aligeuza simu ikaangalia juu. "Nisomee," alisema. "Kwa Kiswahili."

Firmin aliangalia picha, akamwangalia yeye, na rangi ya uso wake ikabadilika. Alikaa. Ng'ambo ya barabara Mama Clémentine alikuwa anafagia mlango ambao ulikuwa safi tangu asubuhi.

"Ulifungua begi langu."

"Nilifungua. Nisomee."

"Huu msemo," alianza, "maana yake ni kutoa dukuduku. Jambo linalokulemea ukilisema, Waingereza wanasema umeliondoa kifuani. Larisa akaniambia nitunge mfano." Aliivuta simu karibu. "Sasa mimi, Emé, kifua changu kina habari moja tu."

Kisha akasoma, polepole, akitafsiri sentensi kwa sentensi, kidole kikifuata mistari. Alikuwa mwaka wa tano huko Voronezh, amebakiza miezi minane. Alianza kukohoa wakati wa baridi. Walimpima wakakuta kifua kikuu, wakamlaza hospitali nje ya mji, kati ya miti, miezi saba. Chumba chao kilikuwa na vitanda sita. Wawili hawakutoka. Alipopona akarudi chuoni, jina lake lilikuwa limeondolewa na kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekwisha. Akapandishwa ndege na begi moja. Mama yake alimpokea kwao Uvira kwa nyimbo. Alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe anarudi injinia, na Firmin, akiwa bado na vumbi la safari, hakuweza kumsahihisha. Kesho yake hakuweza pia. Baada ya mwaka halikuwa tena jambo la kusahihisha. Lilikuwa jina lake.

"Na vyeti vilivyopelekwa kutambuliwa?"

"Hakuna vyeti. Sina diploma, Emérite. Nina miaka minne na kitu ya masomo na mapafu yaliyopona."

Alisubiri akasirike. Alikuwa tayari kwa hilo, mikono yake imekaa mezani kama ya mtu anayengoja kupigwa. Lakini Emérite aliuliza jambo jingine.

"Nani mwingine anajua?"

"Larisa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Kwa hiyo mimi ni wa pili."

"Emé."

"Nimekaa na wewe karibu miaka miwili. Ukiumwa kichwa mimi ndiye ninayejua. Shati lako lililopungua kifungo mimi ndiye ninayejua. Halafu jambo kubwa hivi umempa mtu uliyemkuta kwenye viazi."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hayakuwa ya diploma. Afadhali ingekuwa barua ya mapenzi. Mapenzi angeyapigania, angejua aanzie wapi. Hiki alichokigawa Firmin kilikuwa kitu ambacho yeye hakujua hata kama kipo.

Firmin alisogeza simu pembeni.

"Yaliyonipata yalinipata kwa Kirusi," alisema. "Daktari alisema kwa Kirusi. Wale waliokufa niliwaaga kwa Kirusi. Aliponiuliza, yalitoka tu, yalikuwa njiani tayari. Kwa Kiswahili sijawahi kuyasema kwa mtu. Wewe ni wa kwanza."

"Usinichezee na lugha, Firmin."

"Sichezi. Kwa Kiswahili kuna mama yangu, kuna kaka yako, kuna wewe. Kwa Kirusi hakuna mtu wa kumwangusha."

Emérite alijifuta uso kwa aproni. Ilinuka mafuta ya nywele. Akamwambia basi na yeye ana lake, na afadhali alisikie sasa. Akamwambia alichomwambia kaka yake Jumatatu. Firmin alifunika macho kwa viganja vyote viwili. Alipovishusha hakuwa na hasira, alionekana mtu aliyechoka kukimbia.

"Jumamosi nitamwambia," alisema.

"Ya Larisa?"

"Yote."

"Atakukataa."

"Anikatae mimi. Huyo Injinia anayempenda hayupo."

Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano ya farasi, na kutoka ghorofa ya pili kwa Léonce, Turffontein, sauti ya mtangazaji wa uwanjani ilisikika ikipanda na kushuka. Belyse, mke wa Léonce, alikuwa amepika wali na samaki kwa mafuta ya mawese. Wazee wawili wa kanisa walikaa kwenye kochi kubwa. Firmin alivaa suti mpya, na alipoingia, Léonce alimpa mkono bila kusimama sawasawa.

"Karibu, Injinia," alisema. "Tuambie kwanza habari za mzungu wako."

Emérite alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, mahali pa bibi harusi, ambaye siku kama hiyo hatakiwi kusema hadi aulizwe. Alisimama.

"Kaka, nisamehe. Nilichokuambia Jumatatu hakikuwa kweli. Ni mwanafunzi wake. Nilimwona anacheka naye nikashikwa na wivu, wivu ukanipeleka kwako."

Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Belyse alisimama na sahani mkononi kwenye mlango wa jikoni. Hakuna mwanamke wa familia yao aliyewahi kutamka neno hilo kuhusu nafsi yake mbele ya wageni, lakini Emérite alibaki wima hadi kaka yake alipomwashiria aketi. Léonce tayari alikuwa anaanza kutabasamu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo Firmin aliposema kwamba ana la kuongeza.

Alisema yote, kama alivyoahidi. Alisema kwa kifupi kuliko alivyosoma pale mezani, na sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwa mama yake. Alipomaliza, nje mtangazaji wa farasi alikuwa anapiga kelele majina yasiyoeleweka.

"Mwaka huu wote nakuita Injinia," Léonce alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe unaitika."

"Niliitika. Nilikosa."

Léonce alimgeukia dada yake. "Ulijua?"

"Tangu juzi Alhamisi."

"Na bado umekuja naye."

"Nimekuja naye, kaka. Na nitaondoka naye, ukitupa baraka au usipotupa. Lakini naomba utupe."

Wazee walinong'ona. Mmoja alisema kijana amesema kweli na hilo lihesabiwe. Léonce hakumsikiliza. Aliinuka, akaenda dirishani, akakaa huko ameipa sebule mgongo hadi wali ukaanza kupoa. Aliporudi hakumkalia Firmin mbali kama mwanzo. Alivuta kiti.

"Mtu niliyekuwa nimemkubali hakuja leo," alisema. "Wewe ndiyo kwanza nakuona. Siwezi kumpa dada yangu mtu niliyemjua kwa nusu saa." Aliangalia viatu vya Firmin, kisha uso wake. "Utakuja Jumapili ijayo, baada ya ibada. Na inayofuata. Utakula hapa, tutaongea, nitakujua. Halafu nitasema. Jina lako ni Firmin, si ndiyo?"

"Ndiyo, kaka."

"Kula, Firmin. Chakula kinapoa."

Waliteremka ngazi saa tisa. Barabara ilijaa magari ya watu waliotoka uwanjani, wakasimama kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko, kusubiri kuvuka. Emérite alikuwa amemshika mkono, na chini ya nafuu yote ile bado alikiona kile kidonda chake, hakijafunga. Aliamua kutokificha.

"Usiache kumfundisha Larisa," alisema. "Ana mtihani."

"Sawa."

"Lakini nikikuona unacheka vile naye tena, nitaumia. Nakuambia mapema."

"Nifanyeje basi?"

"Uje unieleze, siku hiyohiyo, hata kama ukieleza hakichekeshi. Na ukiwa na la kulia, unaanza na mimi. Hata likiwa limetoka kwa Kirusi, wewe kalitafutie Kiswahili. Mimi nitasubiri."

Robot ikawaka kijani. Watu wakavuka, wakawapita kushoto na kulia. Firmin hakusogea.

"Basi naanza sasa," alisema. "Kaka yako alipokwenda dirishani, nilitaka kukimbia."

Emérite akamtazama. "Mbona hukukimbia?"

"Ulikuwa umekaa mlangoni."

Alicheka Emérite, kwa sauti, akajishika tumbo katikati ya watu, na Firmin akamtazama kwanza, kana kwamba anataka kuhakikisha, kabla naye hajaanza.